Mpaka Kichwa Kiishe

Kwenye ratiba ya Chaneli 38, kila kipindi kilikuwa na saa ya kuanza na saa ya kumalizika, isipokuwa kimoja. Jumamosi saa tatu asubuhi kulikuwa na Kichwa cha Jumamosi, na mahali pa saa ya kumalizika paliandikwa: mpaka kichwa kiishe. Baada yake ilifuata filamu ya zamani. Filamu ilianza ilipoanza.

Watu Weusi wa kaskazini mwa Milwaukee hawakuona ajabu. Kipindi chenyewe kilikuwa hivi: mtu ameketi kitini, Bi Vernita Gaines amesimama nyuma yake na kitana, anamsuka. Basi. Huku wakizungumza, na simu zikiingia Bi Vernita anazijibu bila vidole kusimama. Kichwa kikiisha, aliyesukwa anainuka, anageuka ili kamera ione kisogo, anatoka. Mistari ya mtoto haikuchukua muda. Rasta za mtu mzima zilimaliza mchana. Katika nyumba za Barabara ya Fond du Lac na mitaa inayoikata, wanawake walifua, walipika, walibishana na waume zao na kusukana wenyewe kwa wenyewe, televisheni ikiwa imewashwa pembeni kama jirani aliyekuja kukaa.

Chaneli ilikuwa mali ya Mzee Ellis Tolliver. Aliianzisha kwenye jengo lililokuwa duka la matairi, na miaka yote hiyo, theluji ikiyeyuka chini ya viatu vya watu, jengo lilinuka mpira. Stesheni nyingine za mji zilikuwa na minara mirefu na magari yaliyopakwa rangi. Magari hayo yalifika mitaani kwetu palipokuwa na utepe wa polisi, yakapiga picha, yakaondoka. Mzee Tolliver alikuwa akisema kwamba hakuanzisha chaneli kwa sababu anapenda televisheni.

"Nilichoka kutuona tunakimbia," alisema. "Nilitaka kutuona tumekaa."

Kipindi cha kusuka hakukipanga. Katika majira ya baridi ya kwanza ya chaneli, binti yake Jocelyn, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa akisukwa na Bi Vernita kwenye kona ya studio, maana pale tu ndipo palipokuwa na joto. Mzee akawageuzia kamera ili apime mwanga, akasahau kwamba mitambo iko hewani. Alipokumbuka alizima, akaweka picha ya maua. Simu zikaanza kulia. Watu walitaka kujua ni nani aliyeondoa ile picha ilhali kichwa cha mtoto kimebaki nusu. Akawasha tena. Jumamosi iliyofuata watu walikuwa wameshakaa wanasubiri.

Mwaka tunaouzungumzia ni 1995. Jocelyn alikuwa amerudi kutoka Atlanta, ambako alifanya kazi kwenye televisheni kubwa, na baba yake alimkabidhi chaneli. Alikuwa mchapakazi, alijua mitambo, na aliipenda ile chaneli kuliko alivyokubali kusema. Alitaka isife. Kampuni ya kebo iitwayo Lakeline ilikuwa inafikiria kuichukua na kuionyesha jimbo zima la Wisconsin. Ilikuwa na sharti moja: kila kipindi kianze na kuisha kwa saa.

Siku ya Jumatano alimfuata Bi Vernita kwenye chumba cha chai. Tulikuwapo wafanyakazi wachache, tukijifanya tunasoma magazeti.

"Saa moja," Jocelyn alisema.

"Saa moja ya nini?"

"Ya kipindi, shangazi. Saa tatu mpaka saa nne. Lakeline wanabadilisha picha kwa kompyuta. Saa nne ikigonga, lazima kitu kingine kianze. Wakituchukua tutaonekana kila mahali, siyo hapa tu ambapo mtu anaangalia huku ameshika antena kwa mkono mmoja na kijiko kwa mkono mwingine."

"Huo mkono wa antena ndio uliokulisha."

"Najua."

"Nakukumbusha tu."

Jocelyn alivuta kiti. "Tunaweza kufanya kama vipindi vya mapishi. Unaanza kuonyesha, halafu unatoa kingine kilichokwisha kuiva."

"Nitakitoa wapi kichwa kingine? Kwenye oveni?"

Mmoja wetu aliliinua gazeti likafunika uso.

"Kichwa si keki, Jo," Bi Vernita aliendelea. "Sikiliza. Mimi naanzia kisogoni. Nikiwa kisogoni, mtu anasema yale anayotaka watu wayajue. Kazi anaipenda, kanisa analipenda, mume hana neno. Nikipanda juu ya masikio, kachoka kujikaza, shingo imelegea, ndipo anasema yale anayoyajua yeye. Huko hufiki kwa saa moja. Na Jumamosi hii nina Iyanna Cobb."

"Iyanna wa kanisa la Mount Gilead? Anayeimba?"

"Huyo huyo. Baba yake karudi."

Kila aliyekuwa pale alimjua Roosevelt Cobb. Alikwenda Phoenix kutafuta kazi binti yake akiwa mdogo, akaoa huko, na simu zake zikapungua hadi zikakoma. Sasa Iyanna alikuwa na miaka ishirini. Baba alikuwa amefikia kwa dada yake, na alikuwa ametuma ujumbe kupitia kwa watu: Jumapili angependa kuja kanisani amsikie mwanawe akiimba, kama mwanawe anataka. Asipotaka, atarudi Phoenix na wala hatamsumbua tena.

"Na yeye hajamjibu," Bi Vernita alisema. "Hawezi kumpigia simu. Anasema akisikia sauti yake, ama atalia ama atamtukana, na yote mawili hayataki. Lakini dada yake Roosevelt huwasha Chaneli 38 asubuhi na kuizima akienda kulala. Mtoto anajua baba yake atakuwa ameketi pale. Kaniambia, 'Bi Vernita, nikifika mahali nitasema, yeye atasikia.' Mahali penyewe napajua mimi."

"Basi aseme kabla ya saa nne."

"Kamwambie wewe."

Bwana Hensley wa Lakeline angekuja Jumamosi hiyo kuangalia, na siku haikuweza kubadilishwa. Kwenye kona, Mzee Tolliver alikuwa akikaza skrubu ya kipaza sauti kibovu. Bintiye alimgeukia.

"Baba, sema kitu."

"Mimi nimestaafu," Mzee alisema. "Nasubiri keki."

Bi Vernita alikunja mfuko wake wa vitana. "Nitakupa saa yako moja, Jo, kwa sababu ya baba yako. Lakini mama yangu alikuwa na neno lake huko Mississippi: kichwa hakilali nusu. Ukikikata hewani kabla hakijaisha, Jumamosi ijayo tafuta msusi mwingine. Siyo kwamba nitakununia. Nitakuwa nyumbani tu, nimekaa."

*

Jumamosi theluji ilikuwa imefika magotini. Bwana Hensley alifika mapema na boksi la donati, akakung'uta viatu mlangoni, akamsalimia kila mtu kwa jina baada ya kuambiwa mara moja tu. Alikuwa Mzungu mpole mwenye saa kubwa mkononi. Alikaa na Jocelyn kwenye chumba cha mitambo, nyuma ya kioo kinachoangalia studio.

Iyanna alikuja na nywele zilizooshwa na kuchanwa, nyingi, zimesimama. Alikuwa mrefu, na alipoketi magoti yalipanda juu kidogo, akawa anayavuta yarudi chini. Bi Vernita alimwekea taulo mabegani, akapaka mafuta njia ya kwanza kisogoni, akaanza.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Iyanna alisema anapenda kazi yake ya jikoni hospitalini. Alisema kwaya inajiandaa vizuri. Simu ya kwanza ilikuwa ya Mama Pruitt, mkuu wa mabawabu wa kanisa lao, mwanamke ambaye hakuwahi kuruka Jumamosi.

"Iyanna, umekonda, mwanangu. Huli?"

"Nakula, Mama Pruitt."

"Unakula nini, upepo? Bi Vernita, hebu mshike shingo, uniambie kama kuna nyama."

"Ipo ya kutosha kushikia kichwa," Bi Vernita alijibu.

"Basi afadhali. Kesho nitamletea makaroni."

Bwana Hensley alicheka, akaandika jambo. Jocelyn alikuwa akiangalia saa ya ukutani. Bi Vernita alisuka upesi kuliko tulivyowahi kumwona, akachagua rasta nene kidogo, lakini kichwa cha Iyanna hakikuwa na haraka. Saa nne ilipokaribia, kisogo chote kilikuwa kimeisha, na mikono ya Bi Vernita ilikuwa imefika nyuma ya masikio. Mbele nywele zilikuwa bado zimesimama wima.

Iyanna aliacha kuyavuta magoti yake.

"Kuna mtu ameniuliza swali," alisema.

"Mm," Bi Vernita alisema.

"Anataka kuja kesho. Nilidhani nikimjibu nitajisikia vibaya kwa sababu ya mama. Nikikaa kimya pia nalala vibaya. Kwa hiyo jibu langu nimeona—"

Saa ilikuwa nne. Jocelyn alibonyeza kitufe. Kwenye skrini alipita mtu mwenye kofia pana, amepanda farasi, vumbi nyuma yake.

"Safi sana," alisema Bwana Hensley. "Kwa sekunde kabisa."

*

Upande wa pili wa kioo, taa nyekundu ya kamera ilizimika. Bi Vernita aliitazama, kisha akarudisha macho kwenye kichwa. Vidole havikusimama. Na Iyanna naye hakusimama. Alikuwa ameshafika mahali pale, na maneno yalikuwa yanatoka. Sisi hatukumsikia kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kimefungwa. Tuliona midomo tu. Alisema maneno mengi. Kuna wakati Bi Vernita aliacha kusuka, akachukua ncha ya taulo, akampangusa uso, akaendelea. Kuna wakati wote wawili walicheka.

Simu zilianza kabla farasi hajafika popote.

"Chaneli 38."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi mbona mmekata?"

Nyingine: "Mtoto wa watu nywele zake za mbele zimesimama kama manyasi, nanyi mnatuwekea ng'ombe!"

"Ni farasi, mama."

"Usinijibu!"

Mwanaume mmoja alisema yeye hajali nywele, anataka kujua jibu tu, maana mkewe amekataa kupika mpaka alijue. Mwingine aliuliza kama chaneli imeuzwa. Alipoambiwa bado, alisema, "Bado?" akakata simu.

Mlango wa mbele ulifunguka, akaingia Mama Pruitt. Alikuwa amevaa koti zito juu ya gauni la kulalia, buti za mumewe miguuni, na mkononi alishika kitana chake mwenyewe. Alikaa jirani, lakini kwa theluji ile hatukumtarajia.

"Nani ameacha kichwa cha mtoto nusu?"

Bwana Hensley alisimama kwa adabu. "Habari za asubuhi."

"Ni wewe?"

"Hapana, mama. Mimi ni mgeni."

"Basi kaa chini, mgeni. Kula donati." Akaangalia kupitia kioo, akamwona Bi Vernita anasuka, akashusha kitana. "Angalau kuna mwenye akili humu."

Jocelyn alikuwa bado ameketi mbele ya vitufe. Bwana Hensley alimwambia kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote:

"Naona watu wamekipenda kipindi. Hilo ni jambo zuri. Lakini anaweza kumalizia bila kamera, siyo? Nywele zitakuwa zile zile."

Alikuwa anasema kweli. Nywele zingekuwa zile zile. Huko alikokulia, mtu hukatwa nywele kwa muda wa kunywa kahawa, na kwenye televisheni yake watu wanaofanana naye wamekaa kutwa, wanapika, wanafuga mbwa, wanapendana, wanafundisha watoto wao kuogelea. Hakuwahi kukosa kujiona amekaa. Hakuwa na sababu ya kujua kwamba hilo linaweza kukosekana.

"Nikirudisha picha itakuwaje?" Jocelyn alimuuliza.

"Leo, hakuna kitakachotokea. Chaneli ni yenu. Lakini nitasema nilichokiona. Nisiposema nitakuwa nimedanganya."

"Naelewa."

Mzee Tolliver alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Jocelyn hakugeuka kumtazama.

"Baba. Ile siku ya kwanza, uliponizima. Ilikuwaje?"

"Ilikuwaje vipi?"

"Mimi nilikuwa nafanya nini?"

Mzee alifikiri. "Ulikuwa unalia."

"Alikuwa ananivuta nywele?"

"Hapana. Uliona taa ya kamera imezimika, ukauliza watu wamekwenda wapi. Nikakuambia hawajaenda popote, mimi ndiye nimefunga. Ukaniambia nifungue basi, wasije wakadhani wewe ndiye uliyeondoka."

Kwenye skrini mtu mwenye kofia alikuwa ameinua bastola. Jocelyn alibonyeza kitufe. Mpaka leo hatujui yule wa kofia alimpiga nani.

*

Taa nyekundu iliwaka. Bi Vernita hakuinua macho.

"Mmerudi," alisema.

Mikono yake ilikuwa imeshapita juu ya masikio. Iyanna aliitazama kamera kama mtu aliyeamshwa.

"Endelea, mwanangu. Ulikuwa unajibu."

"Nimeshasema, Bi Vernita."

"Najua."

"Nimesema yote. Siwezi kuyasema tena."

"Basi."

Ukawa kimya. Kwenye televisheni ukimya ni hitilafu. Ukizidi, mtu anaweka muziki au tangazo la sabuni. Mkono wa Jocelyn ulikwenda kwenye kitufe cha muziki, ukakaa pale, ukarudi. Kilichosikika ni kitana kikipasua njia, na mara kwa mara sauti ndogo ya kidole kikikaza nywele. Hakika kulikuwa na watu waliokuwa wakiangalia huku wamemkasirikia kila mtu. Simu iliyofuata ilikuwa ya mmoja wao.

"Bi Vernita, tuambie wewe basi. Alisemaje?"

"Aliniambia mimi."

"Na sisi je?"

"Nyinyi mlikuwa mnaangalia farasi."

Kwenye chumba cha mitambo Jocelyn aliinamisha kichwa. Bi Vernita hakusema lile kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba basi limepita. Kulikuwa na jambo ambalo lingeweza kusikika mara moja, mahali pamoja, na halikusikika. Kumalizia nywele hakukuweza kulirudisha. Huko kwa dada yake, baba yake Iyanna alikuwa amekwisha kusikia nusu ya sentensi, na nusu hiyo ilitosha kumfanya mtu apange nguo zake kwenye begi.

Iyanna alilijua hilo. Alianza tena kuyavuta magoti.

"Nikisema tu 'ndiyo' au 'hapana'," alimwambia Bi Vernita polepole, "itakuwa kama namjibu karani."

"Usilazimishe. Bado tuna paji zima la uso."

Waliendelea. Mchana uliingia. Mama Pruitt alivua koti, akakumbuka alichovaa ndani, akalivaa tena. Bwana Hensley hakuondoka. Alikuwa amesema ataondoka saa tano, lakini kiti chake kilikuwa kimesogea mbele, karibu na kioo. Rasta za mbele ziliisha moja moja. Birika lilianza kuchemka, maana mwishoni Bi Vernita huchovya ncha kwenye maji ya moto ili zisifumuke, na kila mtu anayeangalia anajua kwamba ukiliona birika, kichwa kimekaribia.

Simu ililia. Bi Vernita alibonyeza.

"Chaneli 38, uko hewani."

Hakukuwa na sauti. Kisha mwanaume alikohoa.

"Habari zenu."

"Njema. Nani mwenzetu?"

"Mtazamaji tu. Nilitaka kusema, njia zimenyooka."

"Ahsante, baba."

Mikono ya Iyanna ilikuwa imetulia juu ya magoti. Hakutazama kamera wala simu. Alikuwa anatazama sakafu, kama mtu anayesikiliza hatua za miguu nje ya mlango.

"Na nilitaka kuuliza," yule mwanaume alisema. "Hicho kichwa kitaisha kabla ya ibada ya kesho?"

Bi Vernita alifungua mdomo, kisha akaufunga. Akasubiri.

"Kitaisha leo," Iyanna alisema.

"Ah. Vizuri." Akakohoa tena. "Niliambiwa kanisani kwenu watu huwa wengi. Lakini nyuma pale, karibu na mlango, hapakosi kiti. Mtu anaweza kuingia na kutoka bila kumsumbua yeyote."

"Viti vipo."

"Basi vizuri."

"Lakini ukikaa nyuma hutanisikia," Iyanna alisema. "Spika za nyuma mbovu. Kaa mbele."

Huko kwenye simu nyuma ya yule mwanaume mwanamke mmoja alipiga kelele, na sahani ikaanguka. Halafu simu ikakatwa, au mtu aliiangusha. Bi Vernita alichukua birika.

"Inamisha kichwa, mwanangu. Maji ya moto haya."

Alichovya ncha zote, akazikamua kwa taulo, akampa Iyanna kioo. Iyanna alijitazama kwa muda mrefu kuliko wanavyojitazama wengine. Kisha akasimama, akageuka, kamera ikaona kisogo, naye akatoka. Baada ya hapo ikaja filamu. Jocelyn aliianzisha upya tangu mwanzo, lakini hatudhani kuna aliyeiangalia.

Bwana Hensley alivaa koti lake. Alimshika Jocelyn mkono, akasema bado hajui ataandika nini kwenye ripoti yake kuhusu saa ya kumalizika. Mlangoni alisimama.

"Hizo spika za nyuma," alimuuliza Mama Pruitt. "Kweli ni mbovu?"

"Tulinunua mpya wakati wa Pasaka," Mama Pruitt alisema.

*

Lakeline walichukua muda kuamua. Mwishowe walisema wataichukua Chaneli 38 kwa siku sita za wiki, na Jumamosi wataweka kitu kingine, kitu chenye saa. Jocelyn alikubali. Kwa hiyo watu wa Madison na Green Bay walianza kuona habari zetu, mahubiri yetu na mashindano ya wanafunzi wetu, lakini hawajawahi kuona kichwa. Na mitaani kwetu, hata walioingia kwenye kebo hawakuzitupa antena. Ijumaa usiku utawaona wanazitoa nyuma ya kabati na kuzifuta vumbi. Bi Vernita hajakosa Jumamosi hata moja. Ratiba bado inapigwa chapa na Jocelyn mwenyewe, na mahali pa saa ya kumalizika haandiki saa.

Jumapili ile hatukupeleka kamera Mount Gilead. Jocelyn alilitaja jambo hilo, Bi Vernita akamtazama, na mazungumzo yakaishia hapo. Tunachojua ni kile alichotuambia Mama Pruitt, ambaye ndiye anayewaonyesha watu viti. Anasema mwanaume mmoja alikuja mapema sana, kabla taa hazijawashwa, amevaa koti jepesi la watu wa nchi ya joto, anatetemeka. Mama Pruitt alimpeleka mstari wa tatu, ambapo kuna kipasha joto. Yule mwanaume alikishika kiti kile kwa mkono, akakiangalia, lakini hakukaa. Alisema samahani, yeye ameambiwa mbele.